Mkate Haulali Chali

Niliulaza mkate chali kwa sababu kisu chetu kilikuwa butu. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta sana. Ule mkate mrefu wa Kifaransa una ganda gumu juu. Ukiukata kwa kisu butu unateleza na kurusha makombo hadi kwenye sinki. Chini ni bapa, na ganda la huko halina ukaidi. Nami nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, miguu inawaka moto. Nikaugeuza, nikaupasua kutoka upande wa chini, nikautia kwenye sahani vilevile ulivyolala, nikamwekea baba mkwe wangu mezani pamoja na maharage na chai isiyo na sukari.

Akautazama mkate. Akanitazama mimi. Kisha akaondoa mikono yake mezani, mmoja baada ya mwingine, akainuka.

"Asante, mama," akasema. "Nimeshiba."

Alikuwa hajatia kitu kinywani tangu uji wa asubuhi. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Ilikuwa Jumamosi, saa saba mchana, theluji inaanguka Blaine, mji wetu wa ugenini, kama vile haina kwingine pa kwenda, na mimi nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi nikijiuliza: huyu mzee leo ana nini tena?

Niseme ukweli, nilikasirika. Mimi si mtu wa subira. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimeshachelewa. Asubuhi ile baada ya kazi sikwenda nyumbani kulala. Niliendesha gari hadi Saint Paul, barabara inateleza, magari mawili nimeyakuta mtaroni, kwa ajili ya mkate wake. Tangu afike kwetu mwaka uliotangulia, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, hakuna siku aliyokula mkate wa dukani bila kuusimanga. "Hii iko sponji," alikuwa akisema, akiubonyeza kwa kidole. "Munakulaka sponji, munaita mukate."

Alikuwa na haki ya kusema. Kazi yake ilikuwa kuoka. Alijifunza ujanani kwa padri Mfaransa aliyekuwa na tanuri nyuma ya parokia, katika mji mdogo wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo habari za mkate alikuwa hazungumzi, alikuwa anahubiri, na muumini wake wa pekee nilikuwa mimi, Mkenya wa Bungoma, kwa sababu mwanawe, mume wangu, ni dereva wa malori na wiki nzima yuko njiani. Nilifundishwa mpaka nikakoma. Unga, maji, chumvi, chachu. Ukiongeza kitu cha tano umepika keki, usijidanganye. Nilifundishwa kwamba mkate ule mwembamba si wa tangu enzi na enzi kama watu wanavyodhani. Wafaransa wa zamani walikula mikate mikubwa ya mviringo iliyokaa siku nyingi, myeusi kwa maskini na myeupe kwa wenye nacho. Ule mrefu ulipata nguvu mijini baada ya kuja tanuri za mvuke, na baada ya kutungwa sheria kwamba waokaji wasianze kazi kabla ya saa kumi alfajiri. Mkate mnene hauwezi kuanza saa kumi ukawahi chai ya asubuhi. Mwembamba unawahi. Kuna wanaosema kwamba mtawala mmoja mpenda vita aliagiza uwe mrefu ili askari wautie ndani ya suruali.

"Bongo!" alisema baba mkwe aliponisimulia hilo, na kwao bongo ni uongo. "Jasho ya askari ingeharibu mukate yote."

Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Tulikuwa tunapatana, nataka hilo lijulikane. Hata mwenye lile duka la mikate la Saint Paul, mama wa Kivietinamu mwenye nywele nyeupe, nilimsimulia habari zake, na yeye akaniambia babu yake alifundishwa kuoka na Wafaransa vilevile. Yeye na baba mkwe wangu hawajawahi kuonana, lakini wamelelewa kama watoto waliochapwa na mwalimu mmoja.

Yote hayo nilifundishwa. Habari ya kulaza mkate chali sikufundishwa.

Ilipofika saa kumi jioni hajatoka, hasira yangu ikaanza kugeuka woga. Baba mkwe ana kisukari. Kila asubuhi anajidunga insulini mwenyewe, na mkononi amebandikwa kidude kama kifungo cha koti kinachopima sukari na kutuma namba kwenye simu yangu. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi katika nyumba ya wazee kule Maple Grove, na kitu kimoja ninachokijua vizuri ni hiki: mtu anayejidunga na asile ni sawa na mtu anayevuka ziwa lililoganda kwa miguu mwezi wa Aprili. Barafu inaonekana imara mpaka pale itakapopasuka.

Nami nisingeweza kufungua ule mlango. Kwetu mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe wake. Hamshiki mkono, hagusi kitanda chake, wala hapiti mbele yake ovyo. Kwao ni karibu hivyohivyo. Kazini naosha wazee wasionihusu, nawageuza, nawabadilisha nguo. Nyumbani kwangu nasimama kwenye korido na bakuli la uji kama mtumishi.

"Baba, uji."

"Asante, mama. Weka."

Nikaweka chini. Baada ya saa moja bakuli lilikuwa pale pale, uji umeota ngozi.

Jumapili hakwenda kanisani. Huyu ni mtu ambaye hakukosa ibada hata siku mafua yalipomlaza. Nilienda peke yangu kwenye kanisa lao la Wakongomani, nikaimba bila kusikia ninachoimba, huku simu nimeishika. Namba ilikuwa inashuka taratibu, lakini ilikuwa bado mahali pazuri. Karanga, nikajua. Alikuwa na kopo la karanga chumbani.

Nilipotoka nikampigia mume wangu.

"Cherie, niko ku-drive, theluji iko mingi huku Iowa. Baba iko na nini?"

"Hajala tangu jana. Nilimwekea mkate akauangalia kama nimemwekea nyoka."

"Mukate ya namna gani?"

"Ule mrefu, mnaoupenda. Nikaukata nikamwekea."

"Uliuweka namna gani?"

Nikamweleza.

"Ulilalisha mukate mugongo? Mbele ya Baba? Cherie! Kule kambini alitupigaka sababu ya hiyo. Mukate haulalake mugongo."

"Kwa nini?"

"Sijue. Hakusemaka. Muombe tu pardon, itaisha."

Mimi nimekulia kwenye mkate wa pembe nne uliokatwa vipande kiwandani na kufungwa kwenye karatasi. Mkate ule hauna mgongo wala tumbo. Uulaze utakavyo, ni mkate. Ningejuaje? Lakini nikasema sawa, kuomba radhi hakuui mtu. Nikafika nyumbani, nikavua viatu vya theluji, nikasimama tena mbele ya ule mlango.

"Baba, nimeambiwa habari ya mkate. Sikujua. Naomba unisamehe."

Sauti yake ikaja, nyembamba kuliko nilivyoizoea:

"Nani amekuambia?"

Hapo nikaona nisimwingize mume wangu kwenye matatizo na baba yake. Nikasema, "Watu tu, Baba."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilidhani nimesema neno dogo la kumkinga mtu.

"Batu," akarudia, polepole. "Basi, batu bashasema."

Nikasikia zipu ya sanduku ikifunguliwa.

Usingizi wangu siku ile ulikuwa wa kuazima. Jumatatu sikuwa na zamu. Saa tatu asubuhi nilikuwa jikoni nikikoroga uji wa tatu ambao nilijua hautaliwa, simu ikalia ule mlio wake mbaya. Sabini na nne, na mshale unaelekea chini; chini ya sabini ni hatari. Nikakimbia koridoni. Mlango ulikuwa wazi. Nilipochungulia bila kuvuka kizingiti niliona kitanda kimetandikwa vizuri, na juu ya meza kifuniko cha sindano. Alikuwa amejidunga. Yeye na sanduku hawakuwepo.

Blaine huwezi kwenda popote kwa miguu, hasa ukiwa mzee, hasa Januari. Nilimkuta gereji, kule tunakoweka gari, amekaa juu ya sanduku lake, koti limefungwa hadi shingoni, kofia ya sufu, glavu. Alikuwa amempigia mtoto wa dada yake anayekaa Lakeville aje amchukue. Mtoto wa dada yake angefika akitoka kazini, yaani jioni. Yeye alikuwa anangoja tangu alfajiri kwa sababu hakutaka tena kukaa ndani ya nyumba yangu.

Mle gereji pumzi yangu ilikuwa inatoka kama moshi. Na baba mkwe wangu paji la uso lilikuwa linamtoka jasho.

Jasho kwenye baridi ile lina maana moja tu: sukari imeshuka.

"Baba, umejidunga?"

"Nimejidunga."

"Umekula?"

Akatazama ukuta. Simu ikalia tena. Sitini na tatu.

Nikamfokea baba mkwe wangu. Mungu anisamehe, na wazee wa kwetu wanisamehe, nilimfokea kama mtoto. "Unataka kufia hapa? Hapa kando ya matairi? Mwanao nikamwambie nini, kwamba nilimuua baba yake kwa mkate?"

Neno hilo likamfanya ageuke.

"Hapana weye," akasema. "Muuaji njo miye. Si batu bamekuambia?"

"Watu gani?"

"Ule mama wa kanisa. Wa kwetu. Niliwaona munaongea, Jumapili ile ingine. Munaongea saa muzima."

Nikamkumbuka. Wiki moja kabla nilisimama na mama mmoja wa mji wao nje ya kanisa, na baba mkwe alikuwa ndani ya gari akinisubiri.

"Yule mama alikuwa ananielekeza kupika sombe, Baba. Sombe, majani ya muhogo! Aliyeniambia habari ya mkate ni mwanao. Alisema uliwachapa kambini na hajui kwa nini. Niliogopa kumtaja, nikasema watu. Hao watu ni mwanao peke yake. Mimi sijui kitu. Wallahi sijui kitu chochote."

Mimi ni Mkristo, lakini wallahi ilinitoka yenyewe.

Nikaenda jikoni na kurudi mbio na glasi ya juisi ya machungwa. Akaisukuma.

"Wacha niseme kwanza. Nikikunywa nitapata nguvu ya kuficha tena."

Nikiwa na kidole juu ya namba za dharura nikamwambia, "Baba, nitasikiliza neno kwa neno. Lakini neno moja kwa funda moja. Ukikataa, naita ambulensi, na watakubeba kwa machela majirani wakiona."

Akanywa funda la kwanza.

Akasema: zamani Ufaransa kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukata vichwa vya waliohukumiwa. Naye alikula mkate kama watu wengine, na mwokaji alilazimika kumpa. Lakini hakuna aliyetaka kugusa mkate wa mtu yule. Kwa hiyo mwokaji aliulaza chali pembeni ya rafu, ili asije mwingine akauchukua kwa makosa. Ndiyo sababu mpaka leo Mfaransa akiuona mkate umelala chali mezani anaugeuza haraka. Padri aliwasimulia hayo tanurini huku akicheka, lakini ole wake mwanafunzi aliyeusahau mkate chali.

Funda. Sitini na moja.

Akasema: ulikuja mwaka ambao watu wa bunduki waliuchukua mji. Padri akakimbia. Mkubwa wao akakaa parokiani, na kila asubuhi alitaka mikate sita. Baba mkwe ndiye aliyekuwa mkubwa wa tanuri, na nyumbani ana watoto wanne, mdogo kabisa ndiye mume wangu. Akaoka. Wenzake wawili wa tanurini, kwa hasira ya watu wasio na la kufanya, wakawa wanailaza chali ile mikate sita. Yule mkubwa hakujua maana yake. Mji mzima ulijua. Ulikuwa ndio ushujaa wao wote.

Funda.

"Batu banazika batu yabo," akasema, "na banasikia harufu ya mukate yangu. Kila asubuhi. Ile harufu, mama, iko nzuri sana. Huwezi kuifunga."

Miezi ikapita, watu wa bunduki wakaondoka, wenyeji waliokimbia wakarudi. Akawasha tanuri, sasa kwa ajili yao. Asubuhi ya tatu alifungua mlango wa nyumba yake akakuta mkate kizingitini. Wa moto bado. Umelala chali.

"Mukate ya tanuri yangu," akasema. "Mikono yangu njo ilikanda. Mutu wangu njo aliweka."

Hakumwuliza mtu. Siku ileile alichukua mke na watoto wakavuka ziwa. Mkewe alikufa kambini akiamini walikimbia bunduki zisije zikarudi.

Glasi ilikuwa tupu. Nikatazama simu: sitini na nne, na mshale umelala sawa. Nikashusha pumzi, lakini yeye alikuwa hajamaliza.

"Sasa unajua. Utanipa mukate tena?"

Sitasema uongo. Niliitazama mikono ile ndani ya glavu na kwa kitambo kidogo niliogopa. Nilifikiria wale waliozikwa. Kisha nikafikiria kazi yangu. Kulikuwa na mzee mmoja wodini kwetu ambaye sote tulijua alichowatendea watoto wake. Hakutembelewa na mtu. Nilimlisha kwa kijiko mara tatu kwa siku, nikampangusa mdomo mpaka siku aliyokufa, nikaenda nyumbani nikala chakula changu kwa raha. Hakuna aliyeweka mkate kizingitini pangu. Na mimi hakuna aliyenishikia bunduki. Mimi nililipwa kwa saa.

Nikaingia jikoni. Mkate wa Jumamosi nilikuwa nimeurudisha kwenye mfuko wake, umekauka kama kuni, kwa sababu mkate ule hauishi zaidi ya siku moja, hilo nalo alinifundisha. Nikaja nao gereji, nikauweka juu ya mfuniko wa friza, mbele yake. Nikaulaza chali. Makusudi.

Akafumba macho.

Nikajaribu kuuvunja kwa mikono, ukanishinda. Nikauvunja gotini kama kuni. Nikauma kipande, kikanikata fizi, nikatafuna hivyohivyo, damu na makombo, nikameza.

"Baba," nikasema, "kama huu ni wa mkata vichwa, basi mezani kwake tuko wawili. Kula."

Mtu yule alilia. Sijawahi kumwona baba mkwe wangu akilia, wala si adabu kumtazama, lakini gereji haina pa kugeukia. Kisha akavua glavu. Akachukua nusu iliyobaki, akaigeuza ikakaa kwa tumbo lake, akachora msalaba juu yake kwa ukucha wa kidole gumba, akaipeleka mdomoni. Akaitoa.

"Mama, hii iko kuni."

"Ni ya Jumamosi, Baba."

"Leta chai, tuilowanishe."

Tukala pale, uso kwa uso, mke wa mwana na baba mkwe, jambo ambalo kwetu wala kwao halifanywi. Mtoto wa dada yake alipofika jioni kutoka Lakeville alimkuta mjomba wake sebuleni akinieleza makosa ya tanuri za umeme, akala ugali akarudi kwao peke yake.

Mume wangu alirejea Alhamisi. Baba mkwe alikuwa mezani, jiwe la kunolea mbele yake, anakinoa kile kisu changu. Mume wangu akavua koti, akaninong'oneza, ingawa chumba ni kidogo na kunong'ona hakusaidii: "Baba alikuwa na nini?"

Nilikuwa na jibu tayari. "Hakuna kitu," nikasema. "Kisu kilikuwa butu."

Kisu kikaacha kulia juu ya jiwe.

"Hapana," baba mkwe akasema. "Muke wako anakuficha bure. Vuta kiti, mwana."

Mume wangu akanitazama mimi, kisha kiti, kisha baba yake. Akakaa. Nikaweka mkate katikati yao, umekaa kwa tumbo, nikaenda koridoni nikafunga mlango nyuma yangu.